Mechi Moja, Duka Moja: Tathmini ya Chaneli za Michezo za Kulipia Uingereza

Tangu nihamie Leicester nimelipia chaneli za michezo kwa misimu kumi na miwili, nikianza na dishi lililofungwa ukutani juu ya dirisha la sebule na kuishia na programu inayopokea kila kitu kwa intaneti. Katika muda huo nimekuwa mteja wa Sky Sports, wa BT Sport kabla haijabadilishwa jina kuwa TNT Sports mwezi Julai 2023, wa NOW inayouza chaneli zile zile za Sky kwa mwezi au kwa siku, na kwa misimu michache wa Amazon Prime. Kila Agosti inapokaribia, ndugu zetu wanaohamia huku huniuliza swali moja: nijiunge na ipi ili niione Ligi Kuu yote? Hakuna. Hakuna chaneli, wala mkusanyiko wa chaneli, inayokuuzia Ligi Kuu ya England yote ukiwa ndani ya England, na ili mtu aelewe kwa nini anapaswa kujua kinachouzwa hapa hasa ni nini.

Nianze na bidhaa yenyewe, kwa sababu inastahili sifa. Mechi kubwa ya Jumapili saa kumi na nusu jioni kwenye Sky Sports hurushwa kwa picha safi kiasi kwamba mvua ikinyesha utayaona matone yakitawanyika kutoka wavuni mpira unapotua, na sauti ya mashabiki huachwa ijae chumba bila kumezwa na mtangazaji. Marudio huja kutoka pembe ambazo hata aliyekaa jukwaani hawezi kuzipata. Kwangu mimi, hata hivyo, thamani kubwa iko Jumatatu usiku, pale Gary Neville, aliyejiunga mwaka 2011, na Jamie Carragher, aliyemfuata mwaka 2013, wanaposimama mbele ya skrini kubwa, wakaigandisha picha, wakamchorea duara beki wa kulia na kuonyesha namna hatua mbili alizochelewa zilivyozaa bao lililofungwa upande wa pili kabisa wa uwanja. Nimecheza ndondo Tanga tangu utotoni nikiamini kwamba mpira naujua. Vipindi hivyo ndivyo vilivyonifundisha kuwatazama wachezaji walio mbali na mpira.

Wala si Ligi Kuu peke yake inayonufaika. Tangu Agosti 2024, kupitia Sky Sports+, zaidi ya mechi 1,000 za ligi na vikombe vya madaraja matatu yaliyo chini ya Ligi Kuu huonyeshwa kila msimu, na shabiki wa timu ndogo ambaye zamani alisubiri sekunde chache za mabao usiku sasa anaiona timu yake ikicheza dakika zote tisini. Ligi ya wanawake nayo imepata nafasi ambayo miaka kumi na mitano iliyopita haikuwa nayo. Ni faida ya kweli, na anayezilaumu chaneli hizi bila kuitaja hatendi haki.

Hali ilikuwaje kabla ya chaneli hizi? Mpaka mwaka 1983 mechi za ligi za Uingereza karibu hazikuonyeshwa mubashara kabisa. Mwaka huo BBC na ITV kwa pamoja zililipa pauni milioni 5.2 kwa miaka miwili, zikapata mechi kumi za moja kwa moja kwa msimu, yaani kama pauni 260,000 kwa kila mechi. Mwaka 1988 ITV ilizichukua peke yake kwa pauni milioni 44 kwa miaka minne. Kisha, Aprili 1989, likatokea janga la msongamano wa mashabiki katika uwanja wa Hillsborough, lililoua watu 97, na ripoti ya Jaji Taylor ya mwaka uliofuata ikaagiza viwanja vikubwa viondoe majukwaa ya kusimama na kuweka viti. Klabu zikahitaji fedha nyingi kwa haraka, na zile kubwa zilikuwa zimeshachoka kugawana fedha za televisheni na klabu zote 92 za ligi. Ligi Kuu iliyozaliwa mwaka 1992 ilikuwa jibu lao kwa mambo yote mawili.

Upande wa televisheni nako kulikuwa na mtu mwenye shida. Rupert Murdoch alikuwa amezindua Sky kwa njia ya setilaiti mwezi Februari 1989, mshindani wake BSB akaingia sokoni mwaka uliofuata na antena yake bapa yenye umbo la mraba, na wote wawili wakawa wanapoteza mamilioni ya pauni kila wiki hadi walipolazimika kuungana Novemba 1990. Kampuni mpya, BSkyB, ilikuwa na madishi ya kuuza lakini haikuwa na sababu ya kumfanya Mwingereza wa kawaida akubali kutobolewa ukuta wake. Sababu hiyo ikawa mpira. Mwezi Mei 1992 klabu ziliikataa ofa ya ITV ya pauni milioni 262 na kukubali mpango wa Sky uliotajwa kuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano, BBC ikiachiwa mambo muhimu ya mechi usiku wa Jumamosi. Miongoni mwa waliopigania uamuzi huo alikuwa Alan Sugar, mwenyekiti wa Tottenham, ambaye kampuni yake ya Amstrad ndiyo iliyokuwa ikitengeneza madishi ya Sky. Tarehe 16 Agosti Nottingham Forest ikaifunga Liverpool 1-0 kwa bao la Teddy Sheringham, na hiyo ndiyo mechi ya kwanza ya Ligi Kuu kuonyeshwa na Sky Sports. Septemba chaneli ikafungwa kwa wasiolipa, ada ikiwa pauni 5.99 kwa mwezi.

Naomba msomaji aishike bei hiyo akilini, kwa maana kwa pauni 5.99 alipata mechi zote 60 za mubashara za msimu ule katika chaneli moja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona ndilo kiini cha tathmini hii. Sky ilipokaa na Ligi Kuu peke yake kwa zaidi ya muongo mmoja, Tume ya Ulaya iliingilia kati kwa hoja kwamba ukiritimba humuumiza mtazamaji, na kuanzia msimu wa 2007/08 ikawa marufuku mnunuzi mmoja kuchukua vifurushi vyote sita vya mechi. Hoja ilikuwa njema, lakini dawa haikulingana na ugonjwa. Sky ilinunua vifurushi vinne vyenye mechi 92, Setanta, chaneli nyingine ya kulipia, ikanunua viwili vyenye mechi 46, jumla yao ikiwa pauni bilioni 1.7 kwa misimu mitatu. Mtazamaji aliyekuwa akilipa mahali pamoja sasa alitakiwa alipe mahali pawili ili aone zile zile alizokuwa akiziona.

Ushindani humsaidia mnunuzi pale wauzaji wawili wanapouza kitu kimoja. Sokoni Mgandini wauza samaki wawili wakiwa na changu wa aina moja, bei itashuka, kwa kuwa nikiona huyu ni ghali nitamwendea yule. Chaneli za michezo haziuzi hivyo. Mechi ya Arsenal na Chelsea ikiwa kwenye kifurushi cha Sky haipo TNT, na iliyopo TNT haipo Sky. Siwezi kumwambia yeyote kati yao kwamba nitaipata kwa jirani. Ushindani wao wote hufanyika kwenye mnada wa haki za matangazo, ambako anayefaidika ni klabu, na gharama ya mnada huo humrudia mtazamaji kwenye bili ya mwezi. Mwaka 2010 mdhibiti wa mawasiliano, Ofcom, aliiagiza Sky iwauzie wapinzani wake chaneli zake kuu za michezo kwa bei ya jumla, ili mechi ile ile ipatikane katika maduka mengi. Huo ulikuwa ushindani wa aina niliyoieleza, lakini ulipingwa mahakamani kwa miaka, na mwaka 2015 agizo likaondolewa.

Takwimu zenyewe zinatosha kuonyesha mwendo wa mnada. BT, kampuni ya simu iliyotaka kuwazuia wateja wake wa intaneti wasihamie Sky, ilizindua BT Sport Agosti 2013 na kuwapa bure wateja hao. Ujio wake uliipandisha bei ya haki za ndani za Ligi Kuu hadi pauni bilioni 3.018 kwa misimu mitatu, na katika mnada uliofuata, uliofanyika mwaka 2015, ikafika bilioni 5.136 kwa mechi 168 kila msimu. Ukigawanya, kila mechi iligharimu zaidi ya pauni milioni 10. BT ikaichukua pia Ligi ya Mabingwa kwa pauni milioni 897 kwa miaka mitatu. Ile zawadi ya bure haikudumu. Ilipogeuka kuwa TNT Sports, huduma hiyo iliuzwa kwa intaneti kwa pauni 29.99 kwa mwezi, wakati NOW ilikuwa ikiuza Sky Sports kwa takriban pauni 35. Mtu aliyetaka zote mbili bila mkataba alikuwa akitoa kama pauni 65 kila mwezi, na hiyo ni kabla ya Amazon na kabla ya leseni ya televisheni, ambayo mwaka huo ilikuwa pauni 159 kwa mwaka mzima.

Mfano unaoniuma zaidi hauhusu soka. Wapenzi wa mbio za baiskeli walikuwa wakitazama Eurosport kwa pauni 6.99 kwa mwezi. Mwisho wa Februari 2025 chaneli za Eurosport zikafungwa Uingereza, mbio zikahamishiwa TNT Sports, na mtu yule yule, akitaka mbio zile zile, akatakiwa alipe pauni 30.99. Wengi wao hawakuhitaji mpira wala ndondi zilizomo ndani ya kifurushi hicho, lakini mbio walizozitaka hazikuwa zikiuzwa kwingine.

Kuhusu usalama wa fedha zako, historia inaonyesha kwamba si kila duka hudumu. ITV Digital, huduma ya televisheni ya kulipia, iliahidi klabu za madaraja ya chini pauni milioni 315 kwa miaka mitatu, ikaanguka mwaka 2002 kabla ya kumaliza kulipa, na klabu zilizokuwa zimeshaajiri wachezaji kwa kutegemea fedha hizo zikaingia katika madeni makubwa. Setanta nayo ilianguka Juni 2009. Wasomaji wa Tanzania, Kenya na Uganda watakumbuka kwamba Januari ya mwaka huo huo GTV, iliyokuja kwetu na Ligi Kuu kwa bei nafuu, ilizimika ghafla na kuwaacha wateja na ving'amuzi visivyo na kazi. Ugonjwa ulikuwa mmoja: haki zilinunuliwa kwa bei ambayo idadi ya wateja haikuweza kuibeba.

Huduma kwa mteja ni sehemu nisiyoweza kuisifu. Kampuni moja ya televisheni na intaneti, ambayo sitaitaja, ilinifunga katika mkataba wa miezi 18, na muda wa bei ya kuanzia ulipokwisha bili ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja bila kingine chochote kuongezeka. Kujiunga kulichukua dakika tano mtandaoni, lakini kujitoa kulihitaji simu. Nilisubiri kwa muziki dakika arobaini, nikahamishiwa idara nyingine, nikaeleza upya, na niliposema kwa mara ya tatu kwamba naondoka, dada aliyekuwa upande wa pili akaniambia kwa sauti ya upole kwamba ameona kwenye kompyuta yake bei karibu sawa na ile ya mwanzo. Sikufurahi hata kidogo. Nilimfikiria mama mmoja wa Kibarawa ninayemfahamu London, ambaye Kiingereza chake ni cha dukani na sokoni, naye hulipia michezo kwa ajili ya wanawe. Yeye hawezi kubishana kwa simu dakika arobaini, kwa hiyo hulipa bei ile ya juu mwaka baada ya mwaka.

Jumamosi nayo ina jambo lake ambalo mgeni hulishangaa. Tangu miaka ya 1960, kwa hoja iliyosimamiwa na Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, kwamba televisheni ingewatoa watu viwanjani, Uingereza hairuhusu mechi za soka za mubashara kuonyeshwa kati ya saa nane na dakika arobaini na tano na saa kumi na moja na robo alasiri ya Jumamosi. Kwa hiyo mechi za saa tisa hazipo Sky, hazipo TNT, hazipo popote kwa njia halali. Mdogo wangu yuko Tanga, ana king'amuzi cha DStv, na kwake ni saa kumi na mbili jioni ya majira ya baridi. Hunipigia simu: "Kaka, bao la pili umeliona?" Mimi nipo umbali wa nusu saa kwa miguu kutoka uwanja wa King Power, na bao la mechi iliyochezwa hapo nalisimuliwa na mtu aliye kando ya Bahari ya Hindi. Sheria yenyewe siipingi kwa moyo wote, kwani viwanja vya timu ndogo bado vinajaa Jumamosi na napenda kuwaona baba na mtoto wakishuka kwenye basi na skafu zao. Ila kampuni zinazouza vifurushi zinapaswa kumweleza mnunuzi jambo hili waziwazi kabla hajalipa, badala ya kumwachia agundue Jumamosi ya kwanza akiwa na rimoti mkononi.

Kwa asiyeweza kulipia nyumbani, baa imekuwa kimbilio, nayo hulipa ada ya biashara inayokadiriwa kwa kuzingatia thamani ya jengo lake. Ukitazama kwa makini pembeni mwa skrini ya baa inayolipa Sky ipasavyo utaona mchoro mdogo wa glasi ya bia, ambao haupo kwenye matangazo ya nyumbani. Ndiyo alama ya wakaguzi. Karen Murphy, aliyekuwa akiendesha baa huko Portsmouth, alikataa ada hiyo na kutumia kadi ya king'amuzi cha Ugiriki, akashtakiwa, akapambana hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2011 mahakama ikasema kwamba kuzuia kadi za nchi nyingine za Umoja huo kulipingana na uhuru wa biashara. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa mnunuzi wa kawaida.

Kwenye kriketi ndipo ninapoamini kwamba kitu kimepotea ambacho fedha hazikukirudisha. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza aliyestaafu ualimu, hunisimulia kiangazi cha 2005, England ilipoishinda Australia katika mfululizo wa Ashes, na matangazo yakawa bure kwenye Channel 4. Mechi ya uwanja wa Trent Bridge ilifikia watazamaji milioni 8.4 kwa wakati mmoja. Serikali ilikuwa imeshaiondoa kriketi ya nyumbani mwaka 1998 kutoka kwenye orodha ya matukio yanayolindwa yaonyeshwe mubashara bila malipo, orodha yenye Kombe la Dunia la soka, fainali ya Kombe la FA na Olimpiki. Na kuanzia 2006 bodi ya kriketi ikaiuzia Sky mechi zote. Mwaka 2009 England ikashinda Ashes tena nyumbani, na kilele cha watazamaji hakikufika milioni mbili. Bodi ilijibu kwamba fedha za Sky zimejenga viwanja na kuinua mchezo wa wanawake, na ni kweli, na matangazo ya Sky ya kriketi ni mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Lakini mzee huyu alikuwa akifundisha shule ya msingi, na anasema wavulana waliokuwa wakirusha mpira kwa mikono iliyonyooka uwanjani wakati wa mapumziko, wakiigiza waliyoyaona kwenye televisheni wiki ile, walitoweka katika misimu miwili.

Kuanzia msimu wa 2025/26 hali imepungua ukali kidogo. Mkataba wa 2025 hadi 2029, wa pauni bilioni 6.7, umeiondoa Amazon kwenye Ligi Kuu na kuziacha Sky na TNT, huku Sky ikionyesha angalau mechi 215 na TNT 52 kati ya mechi 380 za msimu. Anayetaka Ligi Kuu tu na mwenye bajeti ndogo, ninamshauri achukue upande wa Sky pekee, na asiifuate TNT isipokuwa timu yake iko Ligi ya Mabingwa. Ambaye kazi yake ni ya zamu na wikendi zake hazitabiriki, anunue pasi ya mwezi isiyo na mkataba, akiijua kasoro yake moja: njia ya intaneti huchelewa nyuma ya dishi, na kama jirani ana dishi utasikia shangwe zake ukutani wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Anayechagua mkataba mrefu kwa ajili ya bei nafuu, aiandike tarehe ya kuisha kwake kwenye kalenda siku ile ile anayosaini, na apige simu mwezi mmoja kabla.

Mimi nimebaki na Sky kuanzia Agosti hadi Mei, nimeiacha TNT, na fainali ya Kombe la FA nitaitazama BBC. Usiku wa Ligi ya Mabingwa naenda kwa rafiki yangu mtaa wa pili, ambaye ana TNT na hana Sky. Jumapili yeye huja kwangu.